Bagia za mahindi mabichi kwa ladha ya Wabaski

Kila anayeniuliza hapa Mbeya viungo vya Kibaski vinapatikana wapi namwelekeza Mwanjelwa, sokoni, kwa akina mama wauza hoho na vitunguu. Ladha ya jiko la Wabaski, watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, inaanzia kwenye hoho, kitunguu maji, kitunguu saumu na mafuta, vikikaa motoni polepole mpaka vilegee kabisa na kutoa utamu wao. Ile pilipili yao inayosifiwa inakuja baadaye, juu ya msingi huo. Ukiuruka msingi ukategemea pilipili peke yake, utapata bagia zenye rangi ya kupendeza na basi.

Haya nilifundishwa na mpishi mmoja wa Bayonne, mji wa Wabaski upande wa Ufaransa, tulipofanya kazi jiko moja Iringa mjini. Bagia zenyewe nimezitunga mimi, hutazikuta kwao. Ila mahindi si mageni kwa Wabaski. Wanaishi pande zote mbili za milima ya Pyrenees, upande wa Ufaransa na upande wa Hispania, na mahindi yaliwafikia kutoka Amerika katika karne ya 16, yakakubali kwenye mabonde yao yenye mvua nyingi. Hadi leo wanakanda unga wa mahindi na kuchoma talo, mkate bapa unaoiva juu ya chuma cha moto, kisha wanafungia ndani soseji au jibini.

Tuanze na hindi, maana hapo ndipo bagia nyingi zinapoharibikia. Unataka hindi bichi lililojaa ila halijakomaa. Menya ganda kidogo upande wa ncha, bonyeza punje kwa ukucha. Ikitoa maji maangavu, bado changa mno, rojo litakuwa jepesi. Ikitoa maji meupe mazito, chukua. Ukucha ukigoma kuzama, hilo ni la kuchoma au la kande. Kisha uliza: "Shikamoo mama, haya yamevunjwa lini?" Yakishavunjwa, sukari ya ndani huanza kugeuka wanga, kwa hiyo hindi la asubuhi na hindi la juzi ni vyakula viwili tofauti. Msimu wetu mkubwa ni mwisho wa masika, mahindi ya mvua yanapojaa. Wenzetu wa Iringa na Njombe wanaolima vinyungu mabondeni wanapata mabichi hata miezi ya ukame, nami huyafuata huko bila kusita.

Sasa pilipili. Ile ya Wabaski inalimwa Espelette na vijiji vinavyoizunguka, upande wa Ufaransa. Huvunwa ikiwa nyekundu, inafungwa mikufu na kuning'inizwa kwenye kuta za nyumba ikauke, kisha inasagwa. Tangu mwaka 2000 jina hilo limelindwa kisheria, kwa hiyo usiite yako Espelette, hata ikitoka nzuri. Ukali wake ni mdogo, harufu yake ina utamu wa tunda. Kwa hiyo pilipili kichaa haifai kushika nafasi yake. Mimi nachukua pilipili ndefu nyekundu zisizo kali pamoja na hoho nyekundu zilizoiva sawasawa, natoa mbegu, nakata vipande vyembamba, naanika kwenye ungo na kufunika kitambaa chepesi. Kazi hii ifanye mwezi wa sita hadi wa nane, wakati Mbeya ina baridi, upepo mkavu na jua la mchana. Ukingoja mahindi yawe sokoni ndipo uanike, mvua itakuozeshea. Vikisha kukauka navipasha kidogo kwenye kikaango kikavu, natwanga kwenye kinu, natia kwenye chupa yenye kifuniko. Nikitaka uchangamfu kidogo, naongeza ncha ya kisu ya pilipili kali iliyosagwa. Hiyo tu.

Kwa watu wanne andaa mahindi makubwa manne, hoho tatu (mbili nyekundu na moja ya kijani), vitunguu maji viwili, punje tano za kitunguu saumu, nyanya nne zilizoiva, mayai mawili, nusu kikombe cha unga wa ngano, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa sembe, jibini ngumu ya kukwaruza kiasi cha konzi moja, majani ya vitunguu, chumvi, na vijiko viwili vya chai vya ile pilipili yako. Wabaski wangetumia jibini ya maziwa ya kondoo. Sisi tunayo ya ng'ombe inayotengenezwa Njombe, na ile iliyokaa ikawa ngumu inafaa vizuri. Giligilani iache. Naipenda kwenye kachumbari, lakini hapa itafunika hoho.

Choma hoho juu ya mkaa, ukizigeuza, mpaka ngozi iwe nyeusi. Zifunike kwenye bakuli dakika kumi, umenye, utoe mbegu, ukate vipande vidogo. Weka mafuta ya alizeti vijiko vinne kwenye kikaango, moto mdogo, tia vitunguu na chumvi kidogo. Hapa usiharakishe. Kitunguu kilegee na kung'aa bila kugeuka kahawia, jambo linalochukua dakika ishirini au zaidi. Ndipo uongeze kitunguu saumu na hoho, uache dakika kumi nyingine.

Gawa mara mbili. Theluthi moja iepue ipoe, hiyo inaingia kwenye rojo. Iliyobaki kikaangoni iongezee nyanya zilizomenywa na kukatwa, na nusu ya pilipili, ipike mpaka maji ya nyanya yakauke. Hiyo ndiyo piperade, mchuzi mzito unaoliwa pamoja na bagia. Nyanya za Ilula, zile zenye nyama nyingi, zinaupa uzito haraka. Ukiwa na mafuta ya zeituni, kijiko kimoja mwishoni, juu ya mchuzi, ndipo pahali pake.

Kata punje za mahindi kwa kisu, kisha kwangua gunzi kwa mgongo wa kisu upate maziwa yake. Nusu ya punje twanga kidogo kwenye kinu, nusu ziache nzima. Changanya na mayai, unga wote, jibini, majani ya vitunguu, ile theluthi ya hoho, pilipili iliyobaki na chumvi kijiko kimoja cha chai, pungufu kama jibini ina chumvi nyingi. Rojo lianguke kwenye kijiko kwa uzito wake, lisimiminike. Hamira haihitajiki.

Mafuta yawe ya kufikia nusu ya unene wa bagia, moto wa wastani. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo unyevu wa ndani ya bagia haupandi joto kama kule Dar es Salaam. Mafuta yakiwa makali, nje itaungua huku unga wa ndani ni mbichi. Chovya ncha ya mwiko mkavu. Vipovu vikitoka taratibu, weka. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila bagia, ibonyeze kidogo, dakika tatu hadi nne kila upande, na usijaze kikaango. Simama mbali kidogo, punje nzima hupasuka.

Pakua zikiwa moto, piperade pembeni, na yai la kukaanga ukipenda, maana Wabaski hupenda sana piperade na yai. Rojo usililaze hadi kesho, chumvi hutoa maji kwenye mahindi na linakuwa uji. Kaanga lote. Bagia zilizobaki zipashe asubuhi kwenye kikaango kikavu, zitakaza tena.