Uanike uyoga juani kabla ya kuupika

Uyoga wa sokoni mwingi hulimwa ndani ya vibanda visivyoingia jua, ndiyo maana vitamini D yake ni kidogo mno. Lakini una ergosteroli, aina ya mafuta ya asili ya uyoga, na hiyo ikipigwa na miale ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) hugeuka kuwa vitamini D2, aina mojawapo ya vitamini D.

Ukate vipande vyembamba, uvitandaze kwenye ungo visipandane. Kama unauanika mzima, upindue ili ule upande wenye mikunjo chini ya kofia utazame juu. Uweke nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Dakika 30 hadi 60 zinatosha kwa mboga ya leo. Usiuweke nyuma ya dirisha, kioo huzuia miale inayotakiwa.

Wa akiba uendelee kukauka hadi ukiukunja unakatika, kisha uuhifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, mahali penye giza. Kuukausha kwa moto peke yake hakuongezi vitamini hii.

Upike kwa mafuta au tui la nazi, kwa sababu vitamini D huyeyuka kwenye mafuta. Wenye wazee wasiotoka nje kupata jua, tafadhali msiache kuwapikia.