Kabla hujaenda Umba kununua ganeti nyekundu

Ukitaka kwenda bonde la Umba, mkoani Tanga, kununua ganeti nyekundu, aina ya kito, anza na leseni ya biashara ya madini kutoka Tume ya Madini. Bila hiyo unavunja sheria, na hakuna jiwe linalostahili kukufikisha mahakamani.

Ndipo ufungashe mkoba. Cha kwanza ni sumaku ya neodimiamu, hata ukiichomoa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Ganeti nyekundu ina almandini, madini ya silika yenye chuma na alumini, na chuma hicho huitika sumaku. Usitegemee jiwe liruke kama msumari. Jaza maji bakuli, weka kipande cha lile povu gumu linalofungiwa redio mpya kielee juu ya maji, weka jiwe juu ya povu, kisha sogeza sumaku karibu bila kugusa. Ganeti itaifuata taratibu pamoja na boya lake. Rubi, kito kingine chekundu, itabaki pale pale. Nimeona mara nyingi, na bado moyo hunichangamka boya linapoanza kujongea.

Beba pia mizani ndogo na uzi. Pima jiwe likiwa kavu, kisha likining'inia ndani ya maji. Almandini ya gramu 10 hupungua kama gramu 2.4, kipande cha chupa cha uzito huohuo hupungua kama gramu 4. Rubi hupungua gramu 2.5, karibu sawa na almandini, kwa hiyo kwa rubi rudi kwenye sumaku.

Panga kufika mchana kweupe. Tochi hupendezesha kila jiwe, ilhali chuma kikizidi, jiwe kubwa huonekana jeusi likishavaliwa. Mafundi wa zamani waliyakwangua mawe ya namna hiyo upande wa chini yawe membamba, ili mwanga upenye. Kwa maoni yangu, dogo linalong'aa ni bora kuliko kubwa lililozima. Nyufa zitafute kwa lenzi ya kukuza mara 10.

Usiyadharau yale ya rangi ya machungwa. Zamani wanunuzi waliyakataa, yakabandikwa jina la malaya. Leo yanatafutwa kweli.

Miamba ya Umba ni ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba ya kale, nayo huendelea hadi Taita-Taveta nchini Kenya, na mpaka uko karibu. Usiuvuke na mawe mfukoni kama huna kibali cha kuyatoa nchini.