Kuku kwenye jani, keki kwenye mchanga: siku ya kuzaliwa ya Mama hapa Walukuba

Mama yangu hana cheti cha kuzaliwa. Anachojua ni kile alichoambiwa na bibi: alizaliwa siku Malkia Elizabeth alipokuja hapa Jinja, Uganda, kufungua bwawa la Owen Falls. Bwawa lilifunguliwa tarehe 29 Aprili 1954, basi hiyo ndiyo tarehe yetu. Kama na wewe una mzee aliyezaliwa "mwaka wa njaa" au "nzige walipopita", usimwache bila siku. Kaa naye, mwulize kulikuwa na jambo gani, mtafute tarehe ya jambo hilo. Mkiikosa, chagueni moja pamoja, na mkishaichagua msiihamishe. Mwaka 2024, Mama alipotimiza miaka 70, siku iliangukia Jumatatu. Nikapendekeza tufanye Jumapili, watu wako nyumbani. Akanijibu, "Kwani bwawa lilifunguliwa Jumapili?" Tukafanya Jumatatu jioni.

Mimi ni muuza rolex, zile chapati za kukunja na mayai, kwa hiyo sigiri, yaani jiko la makaa, na mimi tunajuana. Ila siku hiyo sipiki chapati. Mama anaziona kila siku, na mtu hasherehekewi kwa chakula cha kila siku. Mwulize mapema anataka nini. Mama husema "chochote", nami nimeshajifunza kwamba chochote maana yake ni luwombo ya kuku kwa karanga, yaani kuku aliyefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke.

Baganda husimulia kwamba luwombo ilitoka jikoni kwa mfalme wao, Kabaka Mwanga, mwaka 1887. Sisi si Baganda. Baba alikuja kufanya kazi ya kiwandani, na mtaa huu wa Walukuba ulijengwa kwa wafanyakazi kama yeye, waliotoka Kenya, West Nile na kila upande, ndiyo maana tunaongea Kiswahili. Lakini chakula kitamu hakiulizi kabila.

Kwa watu 12 natumia kuku wa kienyeji wawili. Nawakata vipande, natia chumvi, kisha navipitisha juu ya makaa mpaka ngozi ishike rangi na moshi. Usiruke hatua hii, maana kuku asiyeguswa na moshi atatoka kama wa kuchemsha tu. Majani ya mgomba chagua machanga yasiyochanika. Yababue juu ya moto, yapitishe haraka haraka mpaka yalainike na kung'aa, halafu chonga ule uti mnene wa katikati bila kutoboa jani. Karanga zilizosagwa zikoroge na maji ya uvuguvugu ziwe nzito kama uji wa mgonjwa, ongeza kitunguu na nyanya. Uyoga mkavu wa kufukizwa ukiupata, loweka utie pia.

Sasa tandika jani ndani ya bakuli ili lishike umbo, weka vipande viwili, mimina mchuzi, kusanya ncha juu na ufunge kwa kamba ya mgomba. Kila mtu na kifungu chake. Chini ya sufuria kubwa panga vipande vya shina la mgomba, tia maji yasiyofikia vifungu, simamisha vifungu juu yake, funika kwa majani mengine. Kuku wa kienyeji anataka saa tatu za moto wa pole. Maji yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi. Matoke yapikie sufuria nyingine.

Aprili ni mwezi wa mvua, kwa hiyo nunua makaa siku mbili kabla na uyalaze ndani. Makaa yenye unyevu yatakutoa machozi kabla wageni hawajafika.

Keki nayo haihitaji oveni. Chukua sufuria pana, tia mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, upashe moto dakika 15. Unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai matano, maziwa kikombe, bekingi pauda vijiko vidogo viwili na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Piga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe. Mimi napiga kwa mkono na mkono hauchoki, ni kazi yangu. Kopo la keki likae juu ya mchanga, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko. Nasema machache kwa sababu mwaka wa kwanza nilijaza: juu ikawa nyeusi, katikati ikabaki uji. Nilikata pembeni palipoiva, Mama akala akisema ni tamu, na hapo ndipo nilipojua anaweza kusema uongo. Baada ya dakika 45 choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, epua.

Kwa watoto tengeneza kabalagala. Ponda ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, kanda na unga wa muhogo bila tone la maji, sukuma nene, kata kwa mdomo wa kikombe, kaanga. Zitaisha kabla ya keki.

Vyumba vyetu ni vidogo, kwa hiyo tunakaa nje, chini ya mwembe, turubai likiwa tayari. Viti naazima kwa majirani. Ukiazima kiti umeshamwalika mwenyewe, basi hesabu vifungu vyako sawasawa. Mapambo mimi sinunui. Pesa ya maputo ni pesa ya kuku.

Vijana wana mtindo wa kummwagia mwenye siku maji, wengine hata unga na mayai. Trei ya mayai ni 30, ndugu yangu, mimi ninajua mayai 30 yanalisha nani. Kwa mzee wa miaka 70 hilo halipo. Nilikubaliana na wapwa zangu wanimwagie mimi, ndoo moja, baada ya chakula. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Keki anaikata yeye, na anatulisha yeye, kuanzia mjukuu mdogo. Wajukuu wanampigia magoti, anawatilia kipande mdomoni mmoja mmoja, na ukimwambia umeshapata hasikii.

Kifungu kimoja cha luwombo kifiche bila kukifungua. Kesho yake kipashe moto kwenye jani lake hilo hilo. Saa moja asubuhi mimi nakuwa kibandani nakanda unga, Mama anakuja na kifungu kile mkononi na kipande cha keki kwenye pindo la kanga, anavuta kigoda, anauliza chai iko wapi.