Kabla ya Kupima Umeme Unaozaliwa na Mpangilio wa Sumaku katika TbMnO3

Anayekusudia kupima utengano wa chaji katika fuwele ya TbMnO3, oksidi ya terbiamu na manganizi ambayo Kimura na wenzake waliieleza mwaka 2003, ahakikishe kwanza kwamba anaweza kuipoza chini ya kelvini 28. Nitrojeni ya kimiminika, inayochemka kwenye kelvini 77, haitoshi, heliamu inahitajika.

Kiwango hicho cha kelvini 28 kinastahili kueleweka kuliko jambo jingine lolote. Spini za manganizi, yaani sumaku ndogo ndogo za atomi zake, huanza kujipanga kwenye kelvini 41, lakini hapo zote hulala kwenye mhimili mmoja, zikikua na kupungua kama wimbi, na wimbi la namna hiyo halitofautishi mbele na nyuma, hivyo halina upande wa kusukumia chaji. Chini ya kelvini 28, spini huanza kugeuka hatua kwa hatua kama spoki za gurudumu linalobingirika kando ya mhimili b, mmoja wa mihimili mitatu ya fuwele iitwayo a, b na c. Gurudumu lina upande linakoelekea. Ulinganifu wa kitovu, yaani kufanana kwa pande mbili zinazokabiliana, huvunjika, na mwingiliano wa spini na mizingo ya elektroni (mwendo wake kuzunguka atomi) hutenganisha chaji kando ya mhimili c. Ndiyo maana fuwele ikatwe kwa kufuata mihimili iliyothibitishwa kwa eksirei, na elektrodi zipakwe kwenye nyuso zinazokabili c.

Magurudumu yanayozunguka kinyume hutoa chaji kinyume, na fuwele iliyopozwa bila uga wa umeme huwa nayo yote mawili, yakafutana. Ipoze basi ndani ya uga, kisha uondoe uga huo, uunganishe elektrodi zenyewe kwa zenyewe hadi chaji ya mabaki iishe, ndipo uipashe joto polepole ukipima mkondo. Mita iwe nyepesi kuhisi: utengano huu ni takriban kulombi 0.0008 kwa mita ya mraba, kiasi cha mara 300 chini ya ule wa titanati ya bari, fuwele maarufu yenye utengano wa chaji, na bamba la milimita 4 za mraba hutoa nanokulombi 3 tu. Rudia kwa uga uliogeuzwa. Ishara ya mkondo (chanya au hasi) isipogeuka, naamini matokeo hayo hayafai kutegemewa.

Ikiwa uga wa sumaku wa tesla kadhaa utawekwa kando ya b, andaa pia bamba lenye elektrodi kwenye nyuso zinazokabili a, kwa kuwa utengano huhamia huko.