Kabla Hujahama Ulaya Kwenda Marekani: Bei, Jiko na Meza

Mtu aliyekaa Ulaya miaka kadhaa, awe Hamburg, Leicester au Stockholm, akipata kazi au mwenza Marekani mara nyingi hajiandai. Anajiambia Uzunguni ni Uzunguni: baridi kaizoea, makaratasi ya ofisini kayazoea, mkate na jibini kavizoea. Mwenzake anayetoka moja kwa moja Mwanza au Mombasa anafika akiwa macho, anauliza kila kitu, na haichukui muda kashaujua mji. Huyu wetu wa Hamburg ndiye anayeduwaa kaunta na dola zake mkononi. Haya yafuatayo ni ya kuyaweka sawa kabla ya kupanda ndege. Na wewe unayetoka Marekani kuja Ulaya, yasome hayo hayo ukiyageuza.

La kwanza ni bei, maana ndilo linalouma mapema. Ulaya, bei iliyobandikwa kwenye rafu ndiyo utakayolipa. VAT imo humo humo; Ujerumani ni asilimia 19 kwa bidhaa nyingi na 7 kwa vyakula vingi, ila mnunuzi halazimiki kupiga hesabu hiyo. Marekani bei ya rafuni ni ya kuanzia tu. Kodi ya mauzo inaongezwa pale kaunta, na kila jimbo, hata kila mji, una kiwango chake. Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hazina kodi hiyo. Ukivuka kwenda jimbo jirani unaikuta. Majimbo mengi huviacha vyakula vya kupika nyumbani bila kodi, lakini chakula kilichokwisha kupikwa kinatozwa. Kwa hiyo usiingie dukani na dola 20 kamili kununua sufuria ya dola 19.99.

Halafu bakshishi. Hapa ndipo watu wetu wa Ulaya wanapoonekana mabahili bila kukusudia. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa kutegemea kwamba bakshishi itajazia mpaka kima cha chini kitimie. (Yapo majimbo, California likiwamo, yaliyokataa utaratibu huo, lakini bakshishi inatarajiwa huko vilevile.) Anayehudumiwa mezani huacha asilimia 18 mpaka 20, basi piga hesabu kabla ya kuagiza. Chakula cha dola 40, kodi tuseme asilimia 8, hiyo ni dola 3.20, bakshishi ya asilimia 20 ni dola 8. Jumla 51.20. Ukiona 40 kwenye menyu, wewe soma 51. Mhudumu ataondoka na kadi yako, jambo ambalo Ulaya lingekushtua, kisha ataileta na risiti yenye mistari miwili mitupu, mmoja wa bakshishi na mmoja wa jumla. Unajaza kwa kalamu, unasaini, unaondoka. Ila isome kwanza: mkiwa kundi la watu sita au zaidi, migahawa mingi huwa imeshaiongeza yenyewe, na ukijaza tena umelipa mara mbili.

Ujerumani ni kivingine kabisa. Bili ikija euro 27.40, unamtajia mhudumu "thelathini" huku ukimpa noti ya hamsini, naye anakurudishia ishirini. Ufaransa malipo ya huduma yamo ndani ya bei kwa mujibu wa sheria. Ukiacha sarafu mbili ni ukarimu wako tu.

Mmarekani naye akija Ulaya ana zamu yake ya kushangaa. Kwao maji ya bomba yenye barafu yanaletwa hujaomba, soda katika migahawa mingi inaongezwa bila malipo, na choo ni bure. Berlin akiomba maji anapewa chupa, tena mara nyingi ya maji yenye gesi, na inaingia kwenye bili. Choo cha stesheni kinataka sarafu. Toroli la dukani linataka sarafu pia. Chupa ya plastiki ya kutupwa inaongezewa senti 25 za dhamana, na unarudishiwa ukiipeleka kwenye mashine, ndiyo maana utaona watu wazima wenye heshima zao wamebeba mifuko ya chupa tupu. Nionavyo mimi, Ulaya inakutoza vidogo vidogo waziwazi, Marekani inakupa vidogo bure na kile kikubwa inakitaja mwishoni. Panga bajeti ya mwezi wa kwanza kwa kulijua hilo.

Sasa jiko. Umeme wa Ulaya ni volti 230, wa Marekani 120. Chaja za simu na kompyuta hazina shida. Geuza chaja utazame maandishi madogo, ukikuta "100-240V" nunua adapta ya plagi tu. Blenda, pasi, birika la umeme na jiko la wali, waachie ndugu. Pasi ya volti 230 huko itapata vuguvugu na blenda itazunguka kivivu. Upande wa pili ni hatari zaidi: blenda ya volti 120 ikichomekwa Ulaya inaungua, na adapta haisaidii kitu, kwa kuwa adapta hubadili umbo la plagi, haipunguzi umeme.

Kwa sisi watu wa chai, jambo hili lina uzito. Birika la Uingereza lina wati 3,000 hivi; la Marekani huwa ni 1,500, kwa hiyo maji yaleyale yanachemka kwa muda kama mara mbili. Wamarekani wengi hata hilo birika hawana, wanapasha kikombe kwenye maikrowevu. Ukiwa mgahawani useme wazi kwamba unataka chai ya moto. Usiposema, hasa majimbo ya kusini, utaletewa glasi ya chai baridi yenye barafu na sukari ya kuwaamsha wafu. Maziwa ya moto ya kuchanganyia uyaombe mapema.

Vipimo navyo. Oveni ya Marekani inasoma Farenhaiti. 350, namba utakayokutana nayo katika mapishi mengi, ni kama nyuzi 177 za Selsiasi. Mtoto mwenye 100.4 kwenye kipimajoto chao ana 38, yaani ana homa. Maziwa ni ya galoni, lita 3.8 hivi, na nyama ni kwa ratili, yaani gramu 454. Andika hizi kwenye karatasi, bandika mlangoni pa friji, yaishe.

Unga wa ugali unahitaji macho zaidi kuliko vyote. Uingereza pakiti iliyoandikwa "cornflour" ni wanga mtupu. Ukiusonga utapata gundi. Marekani unaotafuta ni "cornmeal" mweupe, na hapo uisome pakiti mara mbili, kwa sababu aina nyingi zinazouzwa kusini zimeandikwa "self-rising": zimeshatiwa hamira ya unga na chumvi. Huo ni wa kuokea mikate yao. Ukiusonga ugali, unafura sufuriani na ladha yake haisemeki. "Masa harina" ya Wameksiko nayo iache, mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Bora utafute maduka ya Waafrika. Minneapolis na Columbus, miji yenye Wasomali wengi, utapata unga, viungo vya pilau na nyama halali bila kuhangaika. Ujerumani kazi hiyo huifanya sana maduka ya Waturuki.

Aliyezoea Ulaya hatayaona mayai ya Marekani mahali alipozoea. Yako kwenye friji, kwa sababu kule mayai huoshwa kabla ya kuuzwa, na kuosha huondoa utando unaolinda ganda. Umoja wa Ulaya unakataza kuosha mayai ya daraja A, kwa hiyo yanakaa rafuni, mengine na kinyesi kidogo juu yake. Kila moja limepigwa muhuri: tarakimu ya kwanza ikiwa 0 kuku ni wa kilimo hai, 1 hutoka nje, 2 hufugwa ndani bila kizimba, 3 ni wa kizimbani. Yote ni salama. La muhimu ni kwamba yai lililonunuliwa likiwa baridi lisiachwe mezani.

Maziwa ni kinyume. Ufaransa na Uhispania watu wengi hununua ya boksi yanayokaa kabatini miezi. Marekani karibu yote ni ya friji. Mkate wa Marekani utauona mtamu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ireland iliamua kwamba mkate wa Subway, migahawa ya Kimarekani ya sandwichi, hauingii katika maana ya mkate kwenye sheria ya VAT, kwa kuwa sukari yake ilikuwa asilimia 10 ya uzito wa unga na sheria inakubali 2. Mwenye kisukari asome maandishi ya mfuko, asidanganywe na rangi ya kahawia. Mwislamu asome ya peremende pia, pande zote mbili: jelatini nyingi ni ya nguruwe.

Mizigo yenyewe. Ukiingia Marekani, tangaza kila chakula ulichobeba kwenye fomu au kwa afisa. Kinachotangazwa kikikataliwa kinatupwa tu, kinachofichwa kinakuletea faini. Soseji na nyama ziache. Mayai ya chokoleti ya Kinder yenye kidude cha kuchezea ndani, zawadi ambayo kila shangazi wa Ulaya huwafikiria nayo watoto, hayaruhusiwi, kwa sheria ya 1938 inayokataza kufichwa kitu kisicholiwa ndani ya peremende. Mgeni anayekuja Umoja wa Ulaya kutoka nyumbani hatakiwi kubeba nyama wala maziwa, hata samli ya bibi. Samaki anaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa matumizi yake, kwa hiyo dagaa wakavu wanapita. Matunda yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe, basi, libaki.

Yaliyobaki ni ya kupitia haraka. Ghorofa ya kwanza ya Marekani ni ile ya chini kabisa. Tarehe 4/7 kwao ni Aprili 7. Jumapili ya Ujerumani maduka yamefungwa, na kutoboa ukuta au kutupa chupa kwenye pipa la vioo siku hiyo ni ugomvi na jirani. Marekani Jumapili ni siku ya kununua. Chakula cha jioni Marekani huliwa saa kumi na mbili, Madrid saa tatu au nne usiku. Sahani ya Marekani ni kubwa, ukishindwa kuimaliza omba boksi, hakuna atakayekucheka. Kwa dereva: kukata kulia taa ikiwa nyekundu kunaruhusiwa Marekani ukishasimama kabisa na kama hakuna kibao kinachokataza, lakini jiji la New York limekukataza karibu kote. Na basi la njano la shule likiwasha taa nyekundu, kwenye barabara isiyogawanywa katikati magari ya pande zote mbili yanasimama.

Kabla ya kusaini mkataba wa kazi, uliza mambo mawili kwa maandishi. Likizo: Umoja wa Ulaya unamhakikishia mfanyakazi angalau wiki nne zenye malipo, ilhali Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kutoa hata siku moja. Bima ya afya: inaanza lini, na ni kiasi gani utalipa mfukoni kabla haijachangia. Mwajiri anaweza kukusubirisha hadi siku 90. Kwa hiyo jino linalosumbua na miwani iliyochoka vishughulikiwe Ulaya. Daktari akuandikie dawa zako kwa jina la kiambato na kipimo, si kwa jina la biashara. Na ukiumwa kichwa usiku wa kwanza, usitafute parasetamoli kwenye rafu. Huko imeandikwa "acetaminophen".