Hina bila piko: namna ya kumpamba biharusi pasipo kumuunguza

Biharusi niliyempaka Jumatano usiku aliolewa Ijumaa akiwa amefungwa bendeji mikono yote miwili. Ilikuwa mwaka 2009, hapa Unguja. Asubuhi ya nikaha mamake alinipigia simu niende mbio, na nilipofika nikakuta maua niliyomchora yameumuka juu ya ngozi, kila jani na kila kikonyo, yamejaa maji. Vidole havikunjiki, pete haipiti. Mama wa watu hakunitukana. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, umempaka nini?" Nikakosa jibu. Nilijua ni kijipakiti cha unga mweusi nilichokinunua dukani, kile kile nilichokitumia miaka kumi na moja, lakini kilichomo ndani sikuwa nimewahi kukisoma.

Ndiyo maana naandika haya, kwa wapakaji wenzangu na kwa kina mama wanaotuita majumbani kwao.

Anza na jina. Hina nyeusi haipo. Jani la mhina hutoa rangi ya machungwa inayokolea mpaka kuwa ya kahawia, na hapo ndipo mwisho wake. Piko tunayochora harusini, ile inayotoka nyeusi tititi ndani ya saa moja, ni rangi ya nywele. Kiini chake ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Kwenye pakiti utaikuta kwa maandishi madogo kama p-phenylenediamine, au PPD, au 1,4-benzenediamine, au namba CI 76060. Yanakili majina hayo kwenye simu yako leo, maana dukani hutayakumbuka.

Ulaya wanairuhusu dawa hii kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuichora kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Michoro ya hiyo inayoitwa hina nyeusi ilipopimwa maabara, imewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 15. Tena rangi ya nywele huoshwa baada ya nusu saa, ilhali piko sisi tunaiacha ikaukie pale pale kwenye ngozi, na mwenye kutaka ikolee tunampitishia mara ya pili.

Wenzangu huniambia, "Mbona mimi nimewapaka mamia na hakuna aliyedhurika?" Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Siku ya kwanza mwili hulipokea jambo hili kimya, kisha ukaliwekea kinyongo, yaani mzio. Kwa mtu ambaye hajawahi kuguswa na PPD, kinyongo hicho huchukua wiki moja mpaka mbili kujengeka. Huwashwa kidogo, pengine mchoro umeshafifia, naye husema ni joto. Akipakwa tena mwakani, siku moja mpaka tatu zinatosha kumtoa malengelenge. Yule biharusi wangu nilikuwa nimempaka mwaka uliotangulia, kwenye harusi ya dadake. Alinieleza kuwa mikono ilimwasha wiki ya pili. Nikamwambia apake mafuta ya nazi.

Kinyongo hicho hakiishi. Mtu akishakipata, hukaa nacho maisha yake yote.

Sasa, wewe mama umealika mpakaji, na bakuli liko mbele yako. Utajuaje? Omba kuona unga kabla haujakorogwa. Unga wa hina ni wa kijani, unanuka majani makavu. Ukiwa mweusi, au ukiwa umetoka kwenye kijipakiti chenye picha ya mtu mwenye nywele nyeusi zinazong'aa, sema ahsante, mikono ya mwanangu hapana. Uliza itakaa muda gani. Anayekwambia nusu saa mpaka saa moja na itatoka nyeusi, hakukorogea hina peke yake. Angalia rangi inayobaki rojo likibanduliwa: hina safi hubakisha rangi ya boga, na biharusi wengi hulia wakiiona kwa kuwa hawajui itakolea kesho. Na usimruhusu mtu "akujaribie kidogo" piko kwenye mkono ili aone kama unadhurika. Tone hilo hilo ndilo linaloweza kuuanzisha mwili kinyongo.

Koni za dukani zinazoahidi rangi nyekundu ya damu kwa dakika kumi, nazo ziache, hata kama zimeandikwa kuwa ni za asili. Majani hayawezi kazi hiyo kwa dakika kumi.

Nimeona watu wanaacha piko kisha wanarudi, kwa sababu hina yao inatoka hafifu na biharusi ananung'unika. Kwa hiyo nitaeleza ninavyokoroga, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo kazi ilipo.

Tafuta hina ya mavuno ya karibuni, gramu 100 zinatosha biharusi na wasimamizi wake. Ichunge kwa kitambaa chepesi cha mtandio mpaka upate unga laini kama poda. Kamulia ndimu, ongeza maji kidogo kidogo mpaka rojo liwe kama uji mzito wa ulezi. Funika kwa nailoni iliyogusa rojo lenyewe ili hewa isiingie, uache saa sita mpaka nane kwa joto letu hili. Ndimu huifanya rangi itoke kwenye jani taratibu. Kujua kama iko tayari, weka tone kiganjani kwa dakika kumi, ufute. Likibakisha doa la rangi ya machungwa, hina imeiva. Hapo ndipo unatia sukari vijiko viwili vya chakula, ishike ngozi isipukutike, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mikaratusi. Mafuta hayo ndiyo yanayokoleza. Yanawasha, kwa hiyo wajawazito nawatilia ya lavenda. Mafuta ya taa na petroli, ambayo najua baadhi yetu tunayatia, usiyakaribishe kwenye bakuli hata tone. Yanaunguza ngozi, na mvuke wake unavutwa na chumba kizima cha wanawake.

Paka Jumatano magharibi kama nikaha ni Ijumaa. Rojo likianza kukauka, liguseguse kwa pamba yenye maji ya ndimu na sukari, kisha mfunge mikono kwa tishu na nailoni alale nayo. Asubuhi likwangue kwa kisu butu, usilioshe. Mpake mafuta ya nazi, na maji yasimguse mpaka Alhamisi usiku. Alhamisi mchana atakuwa na rangi ya boga. Ijumaa itakuwa kama kahawa iliyokaangwa vizuri. Chora maua mazito viganjani, vidoleni na nyayoni, ambako ngozi ni nene na hina hushika zaidi, na mashina membamba yapeleke mkononi kwenda juu. Macho yatasoma kiza pale unapotaka. Hivyo ndivyo nilivyowarudisha wateja wangu.

Siku hizi huandika kwenye karatasi kila nilichotia bakulini nikamkabidhi mama wa biharusi kabla sijakata ncha ya koni.

Jambo la pili ni ngozi yenyewe. Wanatuletea biharusi aliyewekwa ndani mwezi mzima akijipaka mkorogo ili atoke mweupe, na singo ikipita tu anatoka damu. Ngozi imekuwa karatasi. Mara nyingi ni klobetasoli, dawa kali ya hospitali ya ukurutu ambayo daktari huwaandikia watu kwa wiki mbili, na huyu amejipaka mwili mzima kwa mwezi. Ukisoma clobetasol kwenye tyubu, fahamu ni dawa, si kipodozi. Lakini usimwambie aiache ghafla kama ameitumia muda mrefu, kwa sababu ngozi hulipuka na mwili unaweza kulegea vibaya. Aende kwa daktari ampunguzie. Kuna na haidrokwinoni, hydroquinone, ambayo ikitumiwa miaka huleta madoa ya bluu-nyeusi mashavuni, mahali pale pale alipotaka weupe. Afrika Kusini walishayaona hayo kwa kina mama wengi, na madaktari wa huko waliyaandika tangu mwaka 1975.

Inayonitisha zaidi ni zebaki. Hii hudhuru hata figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa waliovimba mwili kwa maradhi ya figo, na wengi wa wanawake miongoni mwao walikuwa wakijipaka krimu za zebaki. Dunia imekubaliana kuiondoa: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, wenye jina la mji wa Japani uliotiwa sumu na zebaki, ulirekebishwa mwaka 2023 ukaweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Ila makontena hayasomi mikataba. Angalia maneno mercury, mercurous chloride, calomel au mercurio. Na ikiwa hakuna orodha yoyote, tafuta onyo hili: usivae dhahabu wala fedha unapopaka. Zebaki hula vito. Biharusi wa kwetu hujaa dhahabu mikononi, kwa hiyo onyo hilo mamake ataliona haraka kuliko jina lolote la kemikali. Krimu yenye onyo hilo, au isiyo na orodha kabisa, usiiache nyumbani. Mvuke na mabaki ya zebaki hushika taulo na mashuka, na mtoto anayelala na mamake hupata fungu lake.

Kwa watoto nina mawili tu. Wanja wa manga usimpake mtoto mchanga, machoni wala kwenye nyusi. Mawe mengi yanayosagwa kuwa wanja yana madini ya risasi, naye hujifikicha macho kisha akanyonya vidole. Risasi huharibu ubongo unaokua. Na hata hina safi usimpake mchanga. Wapo watoto wengi huku mwambao waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, na hina inaweza kuzivunja chembe hizo mpaka wakawa manjano. Vipakiti vya piko vifungie juu kabisa. Nchini Sudan, ambako nako huchanganya dawa hii na hina, waliokunywa hata kidogo wamevimba koo mpaka kukosa pumzi, na figo zikafuata.

Ikiwa umeshapakwa piko na ngozi inaanza kuwasha, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi ya baridi. Usisugue kwa ndimu wala jiki. Malengelenge usiyatoboe. Yakitokea, nenda hospitali, chukua na kile kijipakiti, na useme "piko" bila haya, maana wauguzi wengi wakisikia hina huandika hina. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, usingoje kuche. Baadaye ngozi huweza kubaki na mchoro mweupe kwa miezi, na wengine hutoka makovu. Mweleze pia daktari wa meno kabla hajakutia ganzi, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi ni ndugu wa PPD na mwili unaweza kuzikataa vilevile.

Na kila rangi nyeusi ya nywele kuanzia siku hiyo ni adui yako, pamoja na ile inayouzwa kwa jina la hina nyeusi.

Yule biharusi wa mwaka 2009 ana watoto watatu sasa, na mvi zimeanza kumtoka juu ya masikio. Wenzake wanatia rangi, yeye hawezi. Huja kwangu kila baada ya wiki sita, nikamkorogea hina ya majani matupu, mvi zikawa za rangi ya machungwa kama nyuzi za shaba, naye anazipenda. Kabla sijafungua pakiti humpa mkononi. Huisoma yote, mbele na nyuma, polepole, nami hungoja mpaka amalize.