Kumsindikiza rais asiyependwa: mwongozo wa siku ya kuapishwa kwa mrithi wake

Tarehe 30 Desemba 2002, Uhuru Park, Nairobi. Daniel arap Moi alikuwa ametawala Kenya miaka 24, chama chake cha KANU kimebwagwa, na yeye mwenyewe alikuja kukabidhi madaraka kwa hiari. Umati ukamzomea na kurusha matope. Mwai Kibaki, aliyeapa akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari, akausuta utawala uliopita katika hotuba yake huku mwenye utawala huo ameketi pale pale jukwaani.

Wengi hulaumu adabu ya umati. Sisi tunalaumu kwanza maandalizi. Kura zilipigwa tarehe 27, kiapo kikafanyika siku tatu baadaye katika bustani ya wazi ambako watu husimama bega kwa bega na kusogea wanakotaka. Hasira ya miaka 24 ikikutana na udongo mbichi pasipo viti, matope yatarushwa tu. Heshima ya siku hiyo hupangwa mapema, haihubiriwi kwenye kipaza sauti.

Anza na kalenda. Kwa Katiba ya 2010, ikiwa hakuna kesi, rais mteule huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa. Kukiwa na kesi na Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 7 tangu uamuzi. Mwaka 2022 uamuzi ulitoka Septemba 5, kiapo kikawa Septemba 13. Muda huo si wa kushona suti peke yake. Ndio wa kupoza joto la kampeni. Katika siku hizo anayeondoka bado ni rais na huitwa rais, ingawa Ibara ya 134 inamfunga mikono: hateui majaji, mawaziri wala mabalozi, hatoi msamaha kwa wafungwa, hatunuku nishani. Anayemwita "rais wa zamani" kabla ya kiapo amekosea sheria, si adabu tu.

Uwanja uwe wenye viti. Kasarani, uliotumika 2013, 2017 na 2022, uliingiza watu wapatao 60,000 wakati huo, na aliyeketi ni vigumu kumkaribia mgeni. Ila uwanja una hatari yake. Mwaka 2022 watu walifurika kabla ya mapambazuko, na makumi waliumia wakisukumana getini. Fungua mageti mengi mapema, weka skrini kubwa nje kwa watakaokosa nafasi, na ukishajaa tangaza redioni papo hapo ili walio njiani wageuze. Watu waliosukumwa na kunyimwa maji tangu alfajiri hutafuta wa kumzomea, na hawatamzomea mshindi wao.

Kiapo huwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Anayeondoka asifike mapema akakaa saa nzima akitazamwa. Afike karibu kabisa na mwanzo, wa mwisho kuingia, kwa mlango wa jukwaa. Bendi ianze kupiga gari lake likiwa bado nje. Ngoma na tarumbeta hufunika mizomeo bila kumkemea mtu. Akishatoa upanga na Katiba, alama za madaraka, kwa mrithi wake, kazi yake imekwisha, na hapo ndipo wapangaji wengi hukosea kwa kumweka asikilize hotuba tano. Bendera ya rais isipeperuke tena kwenye gari lake, msafara usubiri injini ikiunguruma, na njia ya kutokea isipite katikati ya umati.

Na hotuba yake ya kuaga? Kama hapendwi, aitoe kwa televisheni usiku wa kuamkia siku hiyo. Uhuru Kenyatta aliaga taifa hivyo Septemba 12, 2022, baada ya kuwa amemuunga mkono Raila Odinga dhidi ya William Ruto aliyeshinda. Anazungumza kwa utulivu, asiyetaka kusikia anabadilisha stesheni.

Hotuba ya mshindi ndiyo hatari kubwa kuliko vijana walioketi uwanjani. Sentensi ya shukrani kwa mtangulizi iwe moja, iwe ya kweli, na ije mapema: alikubali matokeo, alikuja kukabidhi. Usimpambe kwa sifa ambazo kila mtu anajua ni uongo, maana umati utazijibu kwa kicheko. Lawama zisubiri bungeni. Mshereheshaji naye asipewe ruhusa ya kuuliza umati maswali ya "mnataka au hamtaki?" na nyimbo za kampeni zibaki nje. Mwaka 2002 wimbo wa dini uligeuzwa ukawa "yote yawezekana bila Moi", na ukishaanza haunyamazishwi na askari.

Dukani na ofisini, picha ya rais ukutani hubaki hadi mrithi aape. Ishushe kwa mikono miwili, ifunge kwa karatasi, iweke kabatini. Kuikanyaga na kupiga video ni kumchokoza jirani aliyempigia kura.

Wapo wanaouliza kama heshima hii inafuta makosa. Haifuti. Kinga ya rais dhidi ya kesi hudumu akiwa madarakani, na Ibara ya 143 inasema kipindi hicho hakihesabiwi katika ukomo wa muda wa kufungua mashtaka. Mwenye dai lake akusanye risiti, majina ya mashahidi na nakala za barua, awasilishe mahakamani baada ya kiapo. Tope haliingii kwenye faili.

Serikali nayo isicheleweshe haki za rais aliyeondoka. Sheria ya mafao ya marais wastaafu ilipitishwa 2003, miezi tu baada ya Moi kuondoka, na ikaweka pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa rais aliyepo. Sharti lake: asishike wadhifa katika chama cha siasa zaidi ya miezi sita baada ya kuondoka madarakani. Miaka minne baadaye Kibaki alimteua Moi, sasa "Mzee" na "Rais mstaafu" kwa kila mtu, kuwa mjumbe wake maalumu wa Sudan.